Harry Thuku: Mwana wa Kambui aliyejua kuanza upya nyakati za dhiki

KILA alfajiri maelfu ya wafanyakazi humiminika kwenye malango ya viwanda vya Thika na Ruiru. Baadhi yao wana ajira ya kudumu, ilhali wengine husubiri nje ya lango wakitarajia kuitwa kufanya kibarua cha siku hiyo. Wengi wao hukatiza ardhi ambayo zamani ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge, pasipo kufahamu kwamba zaidi ya miaka 100 iliyopita vibarua wa mashamba hayo walikabiliwa na shida zinazofanana na zao: ujira usiotosha, kodi nzito na bei za bidhaa zisizotabirika.

Ni katika dhiki hiyo ambapo kijana mmoja kutoka Kambui, kijiji kilichoko Kiambu, si mbali na Ruiru, alijitokeza na kuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza nchini Kenya kupinga hadharani hatua ya waajiri ya kuwakata wafanyakazi mishahara. Jina lake lilikuwa Harry Thuku.

Leo hii wengi hulifahamu jina hilo kwa sababu ya barabara ya Nairobi inayopita penye Chuo Kikuu cha Nairobi na hoteli ya Norfolk. Lakini maisha ya mtu mwenyewe, tangu kuzaliwa kwake mwaka 1895 hadi kufariki kwake mwaka 1970, yana mengi ya kumfunza yeyote anayepambana na uchumi mgumu. Thuku alianguka mara kadhaa. Alifungwa jela, akafutwa kazi, akahamishwa hadi jangwani na hatimaye akatengwa na wengi waliokuwa wakimsifu. Kila mara alitafuta kazi nyingine ya kufanya, akaanza upya.

Ujana wa Kambui

Thuku alizaliwa wakati ambapo utawala wa Waingereza ulikuwa ndio kwanza unaingia katika nyanda za juu. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899 alipokuwa mtoto wa miaka minne. Wamishonari wa Gospel Missionary Society walifungua kituo chao Kambui, na ni kwao alikopata elimu yake ya kwanza ya kusoma na kuandika.

Mnamo mwaka 1911, akiwa kijana wa miaka 16 hivi, aliondoka nyumbani na kwenda Nairobi kutafuta riziki. Mji huo ulikuwa mchanga, wenye mabanda ya mabati, ofisi za serikali na maduka ya Wahindi. Kijana aliyejua kusoma angeweza kupata kazi ya utarishi au ya ofisini, lakini pia angeweza kupotoka kwa urahisi.

Thuku alipotoka. Alipatikana na hatia ya kughushi hundi, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Kwa vijana wengi wa zama zile, na hata wa zama hizi, doa kama hilo lingetosha kufunga milango yote ya ajira. Hakuwa na cheti cha kujivunia wala jamaa mwenye cheo wa kumtetea.

Alipotoka jela alipata kazi katika kiwanda cha kuchapisha magazeti, katika gazeti la Leader lililokuwa la walowezi. Huko alijifunza kazi ya kupanga herufi za chapa. Katika zama hizo kila neno la gazeti lilipangwa kwa mkono, herufi moja moja ya risasi, na mpangaji alihitaji jicho kali na uvumilivu. Kazi hiyo ilimpa faida mbili. Kwanza, ilimpa ufundi ambao haungeweza kunyang'anywa na mtu yeyote. Pili, ilimlazimisha kusoma kila siku mambo ambayo walowezi waliambiana wao kwa wao: maoni yao kuhusu ardhi, vibarua na kodi.

Kwa njia hiyo, mfungwa wa zamani aligeuka kuwa mmoja wa Waafrika wachache waliofahamu kwa undani jinsi watawala wao walivyofikiri. Baadaye aliajiriwa katika ofisi ya Hazina ya serikali mjini Nairobi, akiwa mwendesha simu. Kwa Mwafrika wa wakati huo, hiyo ilikuwa kazi ya kuonewa kijicho.

Dhiki ya mwaka 1921

Ili kufahamu uzito wa uamuzi aliouchukua Thuku, ni vyema kukumbuka hali ya nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Maelfu ya Waafrika waliochukuliwa kubeba mizigo ya jeshi hawakurudi makwao. Mwaka 1918 ukaja na homa ya mafua iliyoenea duniani kote, pamoja na ukame na njaa. Familia nyingi za Kiambu na Murang'a zilikuwa bado zinaomboleza huku zikitafuta chakula.

Mara tu baada ya hapo, serikali ya Gavana Edward Northey ilianza kutekeleza sheria ya kipande. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kubeba hati yenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake. Hati hiyo iliwekwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kibarua aliyemkimbia mwajiri katili alikamatwa kwa urahisi, na mwajiri mpya aliweza kuona mshahara wa awali na kukataa kuongeza hata senti moja.

Aidha, kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa hadi shilingi 16. Kwa vibarua wengi wa mashamba, kiasi hicho kilikuwa zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Wakati huo huo, machifu walishinikizwa kupeleka vijana, wakiwemo wasichana, kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Katika mashamba ya kahawa yaliyoenea kutoka Kiambu hadi Thika, mikono ya wanawake na watoto ndiyo iliyotegemewa sana msimu wa kuchuma ulipowadia.

Kisha bei zikaporomoka. Mnamo 1920 na 1921 bei za kahawa, mkonge na kitani zilishuka vibaya katika masoko ya dunia. Walowezi waliokuwa na mikopo ya benki walijikuta katika shida ya ziada, kwa sababu serikali ilikuwa imebadilisha thamani ya sarafu. Rupia, ambayo awali ilikuwa na thamani ya shilingi moja na peni nne za Uingereza, ilipandishwa na kuwekwa shilingi mbili. Mlowezi aliyekopa kwa rupia aliona deni lake, likihesabiwa kwa pesa za Uingereza, likiongezeka kwa nusu bila ya kukopa hata senti zaidi.

Waajiri hawakuwa na uwezo wa kuamuru bei za London wala kubadilisha masharti ya benki. Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa mikononi mwao, nacho ni mshahara wa Mwafrika. Wakakubaliana kuupunguza kwa theluthi moja. Kamba hukatikia pabovu, na katika Kenya ya mwaka 1921 pabovu palikuwa mfukoni mwa kibarua.

Kuchagua kati ya mkate na msimamo

Mnamo Juni 1921, Thuku na vijana wenzake walianzisha chama kilichoitwa Young Kikuyu Association. Lengo lao la kwanza lilikuwa kupinga kupunguzwa kwa mishahara. Kulikuwa tayari na chama kingine cha machifu na wazee wa Kiambu, lakini chama hicho kilishughulika zaidi na masuala ya ardhi, na viongozi wake walikuwa watu waliopokea mshahara wa serikali. Vijana wa Nairobi walikuwa vibarua, makarani, madereva na watumishi wa nyumbani. Walihitaji sauti yao wenyewe.

Baada ya wiki chache Thuku alitambua kasoro katika jina la chama. Mishahara ilikuwa imekatwa kwa kila Mwafrika, awe Mkikuyu, Mluo, Mkamba, Mluhya au Mganda aliyekuwa akifanya kazi Nairobi. Chama kikapewa jina jipya, East African Association, na milango yake ikafunguliwa kwa wote. Katika historia ya siasa za Kenya, ambayo imejaa vyama vilivyoundwa kwa misingi ya kikabila, hatua hiyo ya mapema inastahili kukumbukwa.

Ufundi wake wa zamani sasa ulimfaa. Thuku alifahamu thamani ya karatasi iliyochapishwa, na akapata mshirika katika mwanahabari wa asili ya Kihindi, M. A. Desai, aliyehariri gazeti la East African Chronicle. Malalamiko ambayo zamani yalinong'onwa katika vibanda vya vibarua sasa yaliandikwa, yakachapwa na kusambazwa.

Mnamo Julai 1921, baada ya mkutano mkubwa mjini Nairobi, Thuku alituma telegramu moja kwa moja kwa serikali ya Uingereza mjini London, akieleza madai ya Waafrika kuhusu kodi, kipande, mishahara na kazi ya lazima. Katika ujumbe huo aliwataja pia Wahindi kuwa marafiki wa Waafrika, kauli iliyowaudhi sana walowezi na baadhi ya machifu.

Wakubwa wake katika Hazina walimtaka achague: kazi au siasa. Alikuwa na umri wa miaka 26, akiwa na mshahara ambao wenzake wengi hawangeuota, katika mwaka ambao ajira zilikuwa haba. Alichagua siasa, akapoteza kazi.

Ni rahisi leo kuusifu uamuzi huo kwa sababu historia imeupa heshima. Wakati ule haukuwa na dalili yoyote ya heshima. Ulikuwa na maana ya kukosa kodi ya chumba na chakula cha jioni. Kilichomwezesha kustahimili ni kwamba hakuwa peke yake. Chama kilikuwa na wanachama waliochanga kidogo walichokuwa nacho, kikawa na marafiki wenye mashine ya kuchapisha, na watu waliokuwa tayari kusafiri pamoja naye.

Katika miezi iliyofuata alisafiri kuhutubia mikutano nje ya Nairobi. Safari za kwenda Murang'a, iliyoitwa Fort Hall wakati huo, zilipita Thika, mji mdogo uliofikiwa na tawi la reli kutoka Nairobi mwaka 1913 ili kubeba mazao ya mashamba ya walowezi. Maelfu ya watu walijitokeza kumsikiliza. Aliwataka wakatae kazi ya lazima, na alizungumza kuhusu kuvitupa vipande. Kwa serikali, hilo lilivuka mpaka.

Risasi za Nairobi

Thuku alikamatwa usiku wa Machi 14, 1922. Habari zilienea upesi. Wafanyakazi waligoma, na umati ukakusanyika nje ya kituo cha polisi alikokuwa amezuiliwa. Kufikia Machi 16 maelfu ya watu walikuwa pale, wengi wao wakisali na kuimba.

Ujumbe wa wanaume uliingia kuzungumza na maafisa wa serikali, ukatoka ukiwaomba watu waende nyumbani kwa amani. Baadhi walianza kuondoka. Hapo ndipo mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alipojitokeza mbele na kuwakejeli wanaume kwa kuinua vazi lake, kitendo ambacho katika mila za Wakikuyu ni aibu kubwa kwa wanaotendewa. Umati ukarudi na kusonga kuelekea kituoni. Askari wakafyatua risasi.

Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa. Takwimu rasmi zilisema watu 21 walipoteza maisha, wakiwemo wanawake wanne, lakini wapo waliodai kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi. Wanawake walitunga wimbo uliojulikana kama Kanyegenyuri kuyakumbuka matukio hayo. Hawakuwa na gazeti, bunge wala mahakama ya kuwasikiliza. Walichokuwa nacho ni sauti zao, na kwa sauti hizo waliyahifadhi mambo ambayo serikali ingependa yasahaulike.

Mwaka huo huo serikali ilishusha kodi kutoka shilingi 16 hadi shilingi 12. Haikuwa haki kamili, na ilikuwa imelipiwa kwa damu. Hata hivyo, kwa kaya maskini ya Kiambu au Murang'a, shilingi nne zilikuwa na maana kubwa.

Miaka karibu tisa uhamishoni

Thuku hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu, mji wa bandari ulioko sasa nchini Somalia, ambao wakati huo ulikuwa sehemu ya koloni la Kenya. Eneo la Jubaland lilipokabidhiwa Italia mwaka 1925, alihamishwa hadi Lamu, kisha Witu, na hatimaye Marsabit, mlima wenye msitu unaochomoza katikati ya nyika kame za kaskazini.

Aliondoka akiwa na miaka 27 na kurejea akiwa na 36 hivi. Hiyo ndiyo miaka ambayo mwanamume wa kawaida hujenga nyumba, hulea watoto na kuweka msingi wa mali yake. Kwa mtu aliyezoea msukosuko wa mikutano, kuishi chini ya uangalizi wa maafisa mbali na kwao kungetosha kuvunja moyo. Adhabu ya uhamisho ilikusudiwa hivyo. Haikumwua mtu, bali ilimwacha aone mwenyewe jinsi dunia inavyosonga bila yeye.

Nayo dunia ilisonga. Mnamo 1923 serikali ya Uingereza ilitoa tamko kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo yanayopaswa kutangulia nchini Kenya. Wafuasi wa Thuku, miongoni mwao Joseph Kang'ethe na Jesse Kariuki, walikusanyika katika chama kipya, Kikuyu Central Association, kilichopata nguvu zake za kwanza Murang'a. Kijana mwingine, Jomo Kenyatta, akawa katibu wa chama hicho mwaka 1928, na mwaka uliofuata akasafiri hadi London kuwasilisha madai ya watu wake.

Thuku aliachiliwa mwishoni mwa mwaka 1930. Wengi waliodhani wangepokea mzee aliyevunjika walimwona mtu mwenye akili timamu, mwenye afya ya kufanya kazi na hamu ya kuanza tena.

Dhiki ya pili

Alirejea katika nchi iliyokuwa imetumbukia kwenye mdororo mwingine wa uchumi. Kuporomoka kwa soko la hisa la New York mwaka 1929 kuliangusha bei za mazao kote duniani, na mashamba ya kahawa na mkonge ya Ruiru, Thika na Makuyu hayakuepuka. Kwa mara nyingine mishahara ilipunguzwa na vibarua wakaachishwa kazi. Serikali ilianzisha Benki ya Ardhi kuwanusuru walowezi kwa mikopo. Kwa mkulima Mwafrika hapakuwa na benki ya namna hiyo.

Mnamo 1932 Thuku alichaguliwa kuwa rais wa Kikuyu Central Association. Lakini miaka ya upweke ilikuwa imembadilisha. Aliamini sasa kwamba madai ya Waafrika yangefanikiwa kwa njia ya subira, barua, mashauriano na sheria. Vijana waliokuwa wamekiongoza chama alipokuwa mbali hawakuridhika na mwendo huo. Kulikuwa na ugomvi, ukiwemo wa fedha za chama, na mwaka 1935 alijitenga na kuanzisha Kikuyu Provincial Association, kilichoahidi kutii sheria.

Mnamo 1944, Eliud Mathu alipoteuliwa kuwa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, ulianzishwa muungano wa kumuunga mkono, Kenya African Study Union. Thuku alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza, ingawa hakukaa muda mrefu kabla ya James Gichuru kushika nafasi hiyo. Muungano huo ndio uliogeuka kuwa Kenya African Union, chama ambacho Kenyatta alikiongoza kuanzia mwaka 1947.

Vita vya Mau Mau vilipozuka, Thuku alisimama upande wa serikali, akavilaani vita hivyo hadharani na kuwataka Wakikuyu wavikatae. Kwa waliokuwa msituni, na kwa maelfu waliozuiliwa kambini, huo ulikuwa usaliti wa mtu ambaye jina lake lilikuwa limewatia wazazi wao ujasiri. Kwa upande wake, yeye aliyeona umwagaji wa damu wa mwaka 1922 hakutaka damu nyingine. Wanahistoria na jamii yake hawajakubaliana kuhusu jambo hilo, na hakuna haja ya kulifunika. Mtu anaweza kuwa shujaa wa kizazi kimoja na kukataliwa na kizazi kinachofuata.

Kahawa iliyokatazwa

Thuku alitumia sehemu kubwa ya nusu ya pili ya maisha yake shambani Kambui. Kwa wale waliomfahamu katika miaka hiyo, alikuwa mkulima kwanza na mwanasiasa baadaye.

Kilimo cha kahawa kilikuwa na siasa zake. Kwa miaka mingi walowezi walihakikisha kwamba Waafrika hawaruhusiwi kuipanda. Walidai kwamba mashamba madogo yangeeneza magonjwa ya mimea na kuchochea wizi wa kahawa. Hofu nyingine, ambayo haikutajwa sana, ilikuwa kwamba Mwafrika mwenye kahawa yake hangekuwa na sababu ya kwenda kuchuma kahawa ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Katika miaka ya 1930 majaribio yaliruhusiwa Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba makubwa ya walowezi. Kiambu na Murang'a, zilizopakana na mashamba hayo, zilisubiri zaidi. Ni baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954 ambapo wakulima Waafrika wa maeneo hayo waliruhusiwa kupanda kwa wingi.

Kahawa si zao la mtu mwenye pupa. Mche huchukua takriban miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya maana. Baada ya hapo huhitaji kupogolewa, kuwekewa mbolea, kukingwa dhidi ya magonjwa na kuchumwa kwa mkono, punje nyekundu zikichaguliwa na mbichi zikiachwa. Mbegu hutolewa maganda, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa. Ugonjwa wa chulebuni, ambao huozesha matunda ya kahawa yangali machanga, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922, mwaka ule ule Thuku alipohamishwa, na umewatesa wakulima tangu hapo.

Mwaka 1959, Harry Thuku aliingia katika bodi ya Kenya Planters Coffee Union, akiwa Mwafrika wa kwanza kupata nafasi hiyo. Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1937, katika zama ambazo kahawa ya Kenya ilikuwa ya walowezi. Mtu aliyefutwa kazi kwa kupinga ukataji wa mishahara katika mashamba ya kahawa aliketi sasa katika meza ambapo mambo ya kahawa yalijadiliwa. Haikuwa safari fupi. Ilimchukua miaka 38.

Alifariki Juni 14, 1970. Mwaka huo huo simulizi ya maisha yake, aliyoiandaa kwa msaada wa mwanahistoria Kenneth King, ilichapishwa na Oxford University Press. Mpangaji herufi wa zamani alihitimisha maisha yake kwa kuacha kitabu.

Funzo kwa Thika na Ruiru

Tangu wakati wa Thuku, eneo la Thika na Ruiru limebadilika mno. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya kusindika matunda, kutengeneza nguo, ngozi, vyuma na baadaye kuunganisha magari viliifanya Thika kuwa mji wa viwanda. Katika miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na mitumba kuingia kwa wingi, viwanda vingi vya nguo nchini vilipunguza wafanyakazi au kufunga milango, na familia zilizotegemea king'ora cha kiwanda zikalazimika kutafuta njia nyingine. Mashamba ya kahawa ya Ruiru nayo yamekuwa yakigeuzwa mitaa ya makazi.

Hata hivyo, ni Ruiru hiyo hiyo ambako watafiti wa kahawa, katika kituo kilichoanzishwa miaka ya 1940, walizalisha aina ya mche unaostahimili chulebuni na kuusambaza kwa wakulima mwaka 1985. Mche huo uliitwa Ruiru 11. Kazi ya miaka mingi ya kupandikiza, kungoja na kuanza tena ilizaa dawa ya tatizo lililodumu zaidi ya nusu karne.

Maisha ya Thuku yanaonyesha mambo yanayofanana na hayo. La kwanza ni kwamba ufundi ni akiba. Kazi aliyojifunza baada ya kutoka jela ndiyo iliyompa lugha, maarifa na marafiki wa kumsaidia miaka kadhaa baadaye. Fundi wa Thika aliyeachishwa kazi kiwandani akifungua kibanda chake cha kuchomelea vyuma anatembea katika njia hiyo hiyo.

La pili ni kwamba dhiki ya uchumi haibebeki kwa mtu aliyejifungia ndani na aibu yake. Mshahara ulipokatwa, Thuku hakuuona kuwa msiba wa mtu mmoja mmoja. Aliwakusanya waliokatwa. Vyama vya akiba, vikundi vya kina mama na vyama vya wafanyakazi vinavyofanya kazi leo katika maeneo ya Makongeni, Kiandutu na Githurai vina mantiki ile ile: shida ikigawanywa miongoni mwa wengi, mwili hupata usingizi na akili hupata nafasi ya kufikiri.

La tatu ni subira yenye kazi ndani yake. Thuku aliishi kupitia midororo miwili mikubwa ya uchumi, ya 1921 na ya miaka ya 1930, na baada ya kila mmoja alipata kitu kipya cha kupanda, kwanza chama, kisha kahawa. Si kila alichopanda kilistawi, na baadhi ya uamuzi wake ulimgharimu mapenzi ya watu wake. Lakini hakuruhusu kushindwa kwa jana kumzuie kushika jembe leo.

Wahenga walisema mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Kibarua anayerudi nyumbani jioni kutoka eneo la viwanda la Thika bila kuitwa kazini ana haki ya kukasirika, kama walivyokasirika vibarua wa mwaka 1921. Hasira yao ilifaa kitu kwa sababu ilipata mkutano, karatasi na wimbo. Kodi ilishuka, kipande kikaja kufutwa, na kahawa iliyokuwa imekatazwa ikaota katika mashamba ya wajukuu wao.